Kiti Tulichokitengeneza Mara Mbili

Nilijiunga na chuo cha ufundi hapa Migori nikiwa na miaka ishirini na minne, na wenzangu wengi darasani wakaanza kuniita auntie. Kabla ya hapo nilikuwa Masara, kwenye machimbo ya dhahabu, nikiponda mawe. Shimoni sikuingia, wanawake tulikaa juu, tukiponda na kuosha. Lakini magogo ya kuzuia kuta za shimo zisiporomoke yalichongwa karibu na pale nilipokaa, na siku moja fundi aliyekuwa akiyachonga aliniomba nimshikie moja huku akilikata pengo la kuingilia jingine. Magogo yale mawili yaliposhikana bila msumari hata mmoja, nilijua ninachotaka kufanya. Nilifanya kazi miezi michache zaidi, kisha nikaacha nyundo ya mawe nikaenda kujiandikisha. Mama aliniuliza kama kuna wasichana wengine kwenye hilo darasa la useremala. Nikamwambia hakuna. Hilo halikunisumbua. Mikono yangu ilikuwa na nguvu kuliko ya wavulana wengi pale, nami nilijua hivyo.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamume mfupi, mpole, asiyepandisha sauti hata mtu akiharibu ubao mzima. Alikuwa na sharti moja kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kila wawili walipaswa kubuni na kutengeneza samani moja kwa ajili ya mtu halisi, mwenye jina na mahali anapokaa, ambaye kweli anaihitaji. Picha za sofa zilizotolewa kwenye simu hakuzitaka kabisa. Alisema kama hatumjui atakayekitumia kitu, basi hicho kitu hatujakibuni, tumekinakili tu.

Nilipangwa na kijana kutoka Kehancha, Mkuria wa nyumba ya wakulima wa tumbaku. Yeye hakujua Kijaluo na mimi sikujua Kikuria, kwa hiyo kati yetu kulikuwa na Kiswahili tu, tena cha karakana: shika, legeza, piga randa kidogo hapo, basi. Alitumia mkono wa kushoto na alichora vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Mimi michoro yangu ilikuwa ya kuchekesha, lakini kuunganisha mbao hakukunishinda. Tulifaana.

Mteja nilimpata mimi. Nilikuwa nimemsindikiza mama mdogo hospitalini Homa Bay, na kwenye foleni nikakaa karibu na mwanamke aliyembeba msichana mgongoni. Msichana alikuwa mkubwa mno kubebwa. Miguu yake ilining'inia ikamfikia mama yake magotini. Mama alipomshusha ili apumzike, nikamsaidia kumshika, ndipo nikaona kwamba mwili wa mtoto haukuwa ukimtii. Miguu ilijikaza yenyewe kama vijiti, kichwa kikaanguka nyuma. Macho lakini yalikuwa makali. Yalinikagua kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu.

Mama yake alinieleza bila kunung'unika. Mtoto alikuwa na miaka sita. Aliumia ubongo wakati wa kuzaliwa. Mama mwenyewe alikuwa muuza samaki sokoni, na kila siku alikwenda na binti yake, akamlaza kwenye gunia chini ya meza ya biashara, kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kumwachia. Daktari wa mazoezi ya viungo alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba mtoto anahitaji kiti maalumu cha kumshikilia, ila viti vya namna hiyo vilitoka mbali na yeye hakuwahi kukiona hata kimoja.

"Mimi ni fundi wa mbao," nikamwambia. "Nitakutengenezea."

Sikuwa fundi bado. Nilikuwa mwanafunzi. Lakini nilisema kama mtu anayesema atakuja kesho, na sikuona sababu ya kuogopa. Nilimpima mtoto pale pale kwa shibiri za mkono wangu, kutoka kisigino hadi goti, goti hadi nyonga, nyonga hadi bega, nikaandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mama mdogo.

Niliporudi chuoni, mwenzangu alizisoma zile shibiri, akazipima mkononi mwangu kwa tepu, akachora kiti kwa siku mbili. Kilikuwa kizuri. Tulichagua mbao za siala, ule mti wenye maua ya manjano unaoota kwenye mipaka ya mashamba ya kwetu, kwa sababu ni mgumu na haupendwi sana na wadudu. Viungo vyote nilivikata kwa mkono. Kwenye egemeo mwenzangu alichonga sangara wawili wanaotazamana. Tuliposugua msasa wa mwisho na kupaka vanishi, wanafunzi wa darasa la uashi walikuja kukitazama, na mwalimu akakizunguka mara mbili akiwa ameweka mikono nyuma. Alisema viungo ni safi. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa hotuba.

Tulikipeleka Homa Bay siku ya Jumamosi, kimefungwa kwa kamba juu ya gari. Mama wa mtoto alikaa chumba kimoja upande wa juu wa mji. Alikuwa ametandika kitambaa kipya mezani na kupika, na majirani wawili walikuwa wamekuja kuona. Tukakiweka kiti katikati ya chumba. Majirani wakawapapasa wale samaki wa kuchongwa. Mama akamwinua binti yake akamkalisha.

Mtoto alikaa pengine kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Kisha miguu ikajinyoosha, nyonga zikasukumwa mbele, na mwili wote ukaanza kuteleza kutoka kwenye kikalio kama kitu kinachomwagika. Mama akamdaka, akamrudisha. Akateleza tena. Nikamfunga kwa leso kiunoni, na hapo akalia, si kwa hasira, kwa maumivu, kwa sababu leso ilimbana tumbo huku miguu ikiendelea kusukuma. Tukamtoa.

Kisha mama wa mtoto akapangusa egemeo kwa kiganja, akatutazama kwa upole ambao sikuustahili.

"Ni kiti kizuri sana," alisema. "Wageni watakikalia."

Tulikula chakula chake. Nilikula chote, kwa sababu kukibakiza kungekuwa aibu ya pili. Tulirudi na kiti kile, maana kilipaswa kuonyeshwa kwenye mtihani, na tulipofika Rongo mwenzangu akasema kwamba tulikuwa tumempima mtoto kama unavyopima ubao. Nilimjibu kwamba nilikuwa nimempima hivyo mimi, si sisi, na kwamba tutaanza upya. Hakubisha. Alichouliza ni kama mbao zitatosha.

Zilikuwa zimebaki wiki sita kabla ya mtihani. Siku ya Jumatatu nilimweleza mwalimu. Alisikiliza hadi mwisho, akanishauri kwa nia njema. Kiti cha kwanza, alisema, kilikuwa kazi bora kuliko zote darasani. Kingetupatia alama za juu. Cha pili tungeweza kukitengeneza baada ya mtihani, bila haraka, na mtoto angekipata vilevile.

"Mwalimu, ulisema tutengenezee mtu anayekihitaji," nikamwambia. "Hiki hakuna anayekihitaji."

Alichezea kalamu iliyokuwa nyuma ya sikio lake. Alisema nikishindwa nitarudia mwaka. Nilisema naelewa. Alisema na mwenzangu naye atarudia. Mwenzangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema naye anaelewa. Mwalimu akatupa ruhusa ya siku nne.

Nilikwenda Homa Bay peke yangu safari hiyo, nikalala kwa yule mama, kwenye godoro sakafuni. Sikubeba kifaa chochote ila tepu na daftari. Niliamua kwamba siku ya kwanza sitapima kitu. Nitaangalia tu.

Niliangalia wakati wa kuoga, wakati wa kula, wakati wa kwenda sokoni. Niliona mtoto akilazwa kwenye gunia chini ya meza, ambako juu yake palikuwa na ubao unaodondosha maji ya samaki na mbele yake palikuwa na miguu ya watu. Niliona anavyogeuza kichwa kufuata viatu. Na mchana wa siku ya pili, biashara ilipopoa, niliona kile nilichokuwa nimekikosa. Mama alikaa kwenye kreti ya soda, akampakata binti yake. Hakufikiri alipokuwa akifanya hivyo. Alikuwa amefanya kwa miaka sita. Alimzamisha nyonga katikati ya mapaja yake, chini, na goti lake moja likainuka na kutenganisha magoti ya mtoto. Magoti ya mtoto yakawa juu kuliko nyonga. Miguu ikalegea. Mgongo ukaegemea kifua cha mama, mkono wa mama ukampita mbele bila kumbana, na kichwa kile kilichokuwa kikianguka kila mara kikasimama chenyewe. Mtoto akaanza kutazama huku na huku.

Nikamwomba mama asisogee. Nilipima paja lake, goti lake, pembe ya mgongo wake, umbali kati ya kifua na mkono. Alicheka, akasema anapimwa kama anashonewa nguo ya harusi.

Jioni ile tulikwenda kwa daktari wa mazoezi kabla hajafunga. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye haraka, lakini nilipomwonyesha daftari alivuta kiti akakaa. Alinieleza kwamba misuli ya mtoto hujikaza nyonga zikinyooka, na hulegea zikikunjwa. Ndiyo maana kikalio bapa kilimtupa nje. Alinionyesha kwa kidole mahali pa kushikilia na mahali pa kuacha. Nilimwuliza maswali mengi, na hakuna hata moja aliloliona la kijinga.

Siku ya tatu mwenzangu alikuja kutoka Migori na kisu. Mwenye duka la vyombo karibu na soko, mzee Mwislamu aliyehamia pale miaka mingi iliyopita, alitupa maboksi mazito ya friji na hakutaka tumshukuru zaidi ya mara moja. Tukatengeneza kiti cha boksi na magunia. Tukamkalisha mtoto, tukakata, tukamkalisha tena, tukabandika. Kila alipokuwa sawa alitulia, na kila tulipokosea alituambia, kwa sauti yake isiyo na maneno, waziwazi kabisa. Nilianza kumsikiliza kama ninavyomsikiliza mteja anayejua anachotaka. Mwenzangu alimpa vipande vya mbao ashike. Vyenye kona alivisukuma. Kimoja cha mviringo, kilichosuguliwa vizuri, alikikumbatia kwa mikono miwili akakataa kukirudisha, basi tukajua kigingi cha kutenganisha magoti yake, mahali pa lile goti la mama, kitakuwa namna gani, na kwamba atakishikilia pia kwa mikono.

Nilidhani tumemaliza, ndipo mama akasema jambo lake. Hakutaka kiti cha nyumbani.

"Nyumbani analala tu, hapo hakuna shida," alisema. "Mimi namtaka juu, kando ya meza yangu, sokoni. Uso wake uwe sawa na uso wa mtu anayenunua samaki."

Hilo lilibadilisha kila kitu. Kiti kirefu hupinduka kwa urahisi, na sakafu ya soko ilikuwa na mashimo. Ilibidi miguu itanuke chini, na uzito mwingi ukae chini pia. Kisha mwenzangu akauliza mtoto akikua itakuwaje. Jibu alikuwa nalo mwenyewe. Kwao Kehancha, kwenye banda la kukaushia tumbaku, fito za kuning'inizia majani hupangwa kwenye ngazi za kuta, na mtu huzihamisha juu au chini kulingana na urefu wa majani ya mwaka huo. Alichora nguzo mbili zenye matundu, na kikalio na mahali pa kuweka miguu vikiwa vimeshikwa kwa vigingi vinavyochomolewa. Mama yeyote mwenye nyundo angeweza kukishusha kiti mwenyewe. Nilipouona mchoro ule nilijua kwamba hatutarudia mwaka.

Tulikitengeneza kwa wiki nne. Hakikuwa na samaki wa kuchonga. Hakikuwa na sehemu hata moja iliyowekwa kwa ajili ya kupendeza, na bado, kilipokamilika, niliona ni kizuri kuliko kile cha kwanza.

Siku ya mtihani walikuja watahini wawili ambao hatukuwajua. Mmoja alikuwa mtu wa pima maji, kile kifaa cha kuonyesha kama ubao umelala sawa. Alikiweka kile kifaa juu ya kikalio, akatazama, akaandika kitu, akaniambia kwamba kikalio changu kimeinuka mbele na kwamba hilo ni kosa la msingi la vipimo. Alianza kuondoka kwenda kwenye meza inayofuata.

Nilimwomba arudi, na nikamwomba akae kwenye kiti chetu cha kwanza, ambacho kilikuwa pale ukutani. Alisita, kisha akakaa. Nilimwomba anyooshe miguu mbele, aikaze kwa nguvu zake zote. Akafanya hivyo, na suruali yake ikateleza kwenye vanishi hadi akalazimika kushika pembeni. Nikachukua vipande viwili vya mbao, nikamwinulia kiti mbele, nikavisukuma chini ya miguu ya mbele. Nikamwomba akaze tena. Safari hii hakwenda popote.

"Mtoto tuliyemtengenezea hukaza miguu hivyo kutwa nzima," nikamwambia. "Hilo si kosa. Hiyo pembe ndiyo kiti chenyewe."

Alikaa pale muda kidogo, akisukuma na kuacha. Alimwita mtahini mwenzake naye akae. Wakauliza kuhusu vigingi, na mwenzangu akawaeleza, kwa sauti ya chini kama kawaida yake, habari za banda la tumbaku. Mtahini wa pima maji akafuta alichokuwa ameandika. Tulipita. Alama za juu zilikwenda kwa wawili waliotengeneza kabati lenye droo za siri, na walistahili. Lile kabati lilikuwa halina mchezo. Mwalimu wetu alitupa mkono wa pongezi, kwanza mwenzangu, kisha mimi, akarudi kufagia takataka za mbao.

Tulikifikisha kiti sokoni Homa Bay asubuhi ya siku ya kazi, kwa sababu mama alitaka kianze kazi siku ya kazi. Tukakiweka pembeni mwa meza, tukatikisa, nikatia kipande chini ya mguu mmoja. Mama akamkalisha binti yake. Nyonga zikazama, magoti yakainuka, mikono ikakipata kigingi cha mviringo ikakishika. Nilisubiri muda mrefu kuliko kuhesabu kumi. Nikasubiri mpaka wateja watano wakaja na kuondoka. Mtoto alikuwa amekaa.

Alitazama samaki mezani, ambao alikuwa amewanusa miaka yote bila kuwaona. Alitazama kisu cha mama kikipanda na kushuka kwenye magamba. Kila mtu aliyefika alimkazia macho kwanza, kama alivyonikazia mimi kwenye foleni.

Karibu na saa nne akaja mwanamke mmoja mnene mwenye kapu, mteja wa muda mrefu, nilivyoelewa kwa jinsi walivyotaniana na mama. Alichagua samaki, akainua uso, akakutana na uso wa msichana. Akamgeukia mama.

"Kumbe una mtoto?" aliuliza.

Miaka yote alikuwa akinunua pale, na mtoto alikuwa chini ya meza, karibu na viatu vyake.

"Ndiyo," mama akajibu. "Ni huyu binti yangu."

Mwanamke aliweka kapu chini. Hakutafuta maneno ya huruma. Alimsalimia msichana kwa Kijaluo, kwa heshima ile ile anayopewa mtu mzima, akangoja. Msichana akatoa sauti yake, ndefu, yenye kupanda mwishoni, na yule mwanamke akaitikia kama mtu aliyejibiwa vizuri. Mwenzangu alijifanya anakagua kigingi. Mimi sikujifanya chochote. Nilisimama pale nikatazama, nikaridhika kabisa.

Siku hizi mwenzangu yuko Kehancha. Ana karakana kubwa, anatengeneza madawati ya shule na vitanda, na akikwama kwenye kiungo hunipigia simu. Mimi nina banda langu hapa Migori, kando ya barabara, na vijana wawili wa chuo huja kujifunza kwangu. Natengeneza meza na makabati kama kila mtu. Lakini yule daktari wa mazoezi hunitumia watu, kutoka Homa Bay, kutoka Rongo, wakati mwingine kutoka ng'ambo ya mpaka, na nimeshatengeneza viti vingi vya watu ambao viti vya dukani haviwatoshi. Hakuna viwili vinavyofanana. Watu wengine huja na vipimo kwenye karatasi, na mimi huviweka mfukoni kwa adabu, kisha nauliza naweza kuja lini.

Wiki hii ameniita mama mmoja mzee wa upande wa Masara, mshonaji wa nguo, aliyekatwa mguu mwaka jana na anayetaka kurudi kwenye cherehani yake. Mwanawe alisema kwenye simu kwamba anataka tu stuli yenye egemeo. Huenda ni kweli. Nimemwambia nitakwenda Jumanne, nikae naye asubuhi nzima, nimwone akishona.